Maji ya Kisima Yenye Chuma: Kutambua Chanzo Kabla ya Kununua Chujio

Mwenye kisima anayelalamika kwamba maji yake yana kutu huwa anaeleza mojawapo ya mambo manne yaliyo tofauti: chuma kilichoyeyuka ndani ya maji tangu huko chini ya ardhi, chuma ambacho tayari kimegeuka chembe kabla ya maji kufika bombani, kutu inayotoka kwenye mabomba na pampu yenyewe, au ute wa bakteria wanaoishi kwa kutumia chuma. Yote manne huacha doa la rangi ileile kwenye sinki na kwenye shuka nyeupe, ila dawa yake si moja, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu hununua chujio la bei kubwa lililokusudiwa chuma kilichoyeyuka wakati ni mabomba yake yanayooza, au humwaga klorini kisimani kila mwezi kupambana na bakteria ambao hawamo. Mwongozo huu unaanza na dalili zinazoonekana kwa macho, unazifuata hadi kwenye chanzo, kisha unaeleza tiba inayolingana na kila chanzo.

Chuma kimo katika miamba na udongo karibu kila mahali, na udongo mwekundu tuliouzoea Afrika Mashariki umepata rangi yake kutoka humo. Maji ya mvua yanapopenya ardhini hupoteza oksijeni yake taratibu, hasa yanapopita kwenye tabaka zenye mimea inayooza, na maji yasiyo na oksijeni ndiyo yanayoweza kuyeyusha chuma na kukibeba bila kuonyesha rangi yoyote. Kwa sababu hiyo visima vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo, mabonde ya mpunga na kingo za mito yenye tope jeusi huwa na chuma zaidi kuliko vile vya mlimani. Kwa sababu hiyohiyo, kuchimba chini zaidi si dawa ya uhakika, kwa kuwa kadiri unavyoshuka ndivyo oksijeni inavyoweza kupungua na chuma kuongezeka. Fundi anayekuahidi kwamba mita 20 za ziada zitamaliza tatizo, bila kuwa na vipimo vya visima vya jirani vyenye kina hicho, anabahatisha kwa fedha yako.

Je, maji haya yanadhuru?

Swali hili hujibiwa kwanza kwa sababu ndilo linalowafanya watu waache visima vyao. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha chuma kwa ajili ya afya. Kiwango cha miligramu 0.3 kwa lita kinachotajwa kila mahali, ambacho pia kimo katika kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinahusu ladha, rangi na madoa. Maji yenye miligramu 1 au 2 yatachafua nguo na kuacha ladha ya chuma mdomoni, lakini kwa mtu mwenye afya ya kawaida hayana sumu. Wenye ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili ulimbikize chuma wanapaswa kumuuliza daktari wao.

Hatari ya kweli huja kwa njia nyingine. Familia inayochukizwa na rangi ya maji ya kisima kilichofunikwa vizuri hurudi kuchota kwenye bwawa au kijito ambacho maji yake yanapendeza kwa macho na kumbe yamebeba vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Rangi nyekundu haiui mtoto, kuhara humuua. Kwa hiyo, wakati unatafuta suluhisho, usikiache kisima salama kwa sababu ya rangi peke yake. Chota, acha maji yatuame usiku kucha, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yatibu kama unavyotibu maji mengine ya kunywa.

Hapo kuna jambo ambalo halielezwi inavyostahili na linalohitaji uangalifu mkubwa. Klorini ya kutibu maji ya kunywa hushambulia chuma kabla ya kufikia vimelea. Kila miligramu moja ya chuma kilichoyeyuka hula takriban miligramu 0.64 za klorini, na dozi ya kawaida ya majumbani kwa maji maangavu ni miligramu 2 hivi kwa lita. Maji yenye miligramu 5 za chuma yanahitaji klorini miligramu 3.2 kwa ajili ya chuma tu, yaani dozi yote imekwisha na vimelea bado wako hai, huku mwenye nyumba akiamini kwamba amekwisha kuyatibu. Ondoa chuma kwanza, tia klorini baadaye; na kama huwezi, chemsha. Kuchemsha nako hufukuza gesi ya kaboni dioksaidi na kufanya chuma kigande kuwa unga mwekundu chini ya sufuria, unga ambao utauacha chini kwa kumimina maji ya juu polepole.

Dalili ya kwanza: maji yanatoka maangavu, kisha yanabadilika

Chukua glasi ya kioo kisicho na rangi, ijaze kwenye bomba lililo karibu kabisa na kisima, kabla ya tangi, na uiweke juu ya karatasi nyeupe. Iangalie papo hapo, baada ya nusu saa, na tena baada ya saa kadhaa. Maji yaliyotoka maangavu na yakaanza kupata ukungu wa manjano, kisha rangi ya chungwa, na hatimaye yakaweka unga wa kahawia chini ya glasi, yana chuma kilichoyeyuka. Hewa imeingia, oksijeni imekigeuza chuma kuwa chembe, na chembe zimezama. Hili ndilo tatizo la kawaida zaidi na ndilo lenye tiba rahisi zaidi.

Muda ambao mabadiliko hayo yanachukua nao unakueleza jambo. Kasi ya chuma kuganda hutegemea sana pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: pH ikishuka kwa kizio kimoja, kasi hupungua kwa takriban mara 100. Maji yenye pH 7 au zaidi hubadilika rangi mbele ya macho yako katika muda wa dakika chache hadi saa moja hivi, ilhali maji yenye pH 6 yanaweza kubaki maangavu hadi kesho yake. Mtu anayetazama glasi kwa dakika 10 na kutangaza kwamba maji hayana chuma hajapima chochote. Iache hadi asubuhi.

Maji yakitoka mekundu tayari tangu sekunde ya kwanza, chuma hicho kimeshaganda njiani. Ama kinatoka kwenye mabomba, ama hewa inaingia kisimani kwa sababu pampu inashusha maji mno, ama masimbi, yaani mashapo ya chuma, yaliyolala chini ya tangi yametibuliwa. Kabla ya kukisingizia kisima, fungua bomba la kabla ya tangi na la baada ya tangi na ulinganishe. Tangi la plastiki la lita 1,000 au 5,000 juu ya mnara hukusanya unga wa chuma mwaka baada ya mwaka, na maji yanapopungua au yanapoingia kwa nguvu unga huo huamka na kushuka jikoni kwa mafungu. Ikiwa maji ya kabla ya tangi ni safi na ya baada ya tangi ni mekundu, kazi yako ni kusafisha tangi na kuinua bomba la kutolea maji sentimita chache kutoka sakafu yake.

Na ikiwa ni maji ya moto peke yake yenye kutu, ilhali ya baridi ni safi, acha kisima mahali pake na ukague hita.

Dalili ya pili: kutu ni kali asubuhi na hupungua mchana

Dalili hii hupuuzwa mara nyingi, na pengine ndiyo yenye gharama kubwa zaidi kwa wenye pampu za mkono na visima vilivyofungwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Maji yenye pH chini ya 6.5 hula zinki hiyo, kisha huanza kula chuma chenyewe. Usiku, pampu ikiwa imetulia, maji yaliyosimama ndani ya mabomba hukusanya kutu. Asubuhi wanaowahi kuchota hupata maji ya kahawia na yenye harufu ya chuma, na wanaokuja saa nne hupata maji yenye nafuu.

Kipimo chake kinahitaji subira tu. Asubuhi na mapema, kabla mtu yeyote hajachota, jaza chupa ya kwanza. Kisha endelea kupampu hadi uondoe maji yote yaliyolala kisimani usiku, na ujaze chupa ya pili. Kisima kirefu chenye kipenyo cha inchi 6 hubeba takriban lita 18 kwa kila mita ya maji, kwa hiyo kisima chenye mita 40 za maji kina kama lita 700, ambazo ni ndoo 35 za lita 20. Ukiweza kuendelea hadi mara mbili au tatu ya kiasi hicho, matokeo yatakuwa ya kuaminika zaidi. Chupa ya kwanza ikiwa na chuma kingi na ya pili ikiwa na kidogo sana, chanzo ni mabomba. Chupa zote mbili zikilingana, chanzo ni ardhi. Na zikitofautiana kwa kiasi huku ya pili ikiwa bado na chuma cha kutosha kuchafua nguo, una matatizo mawili kwa pamoja, na utaanza na mabomba.

Tiba ya kutu ya mabomba ni kuyang'oa. Hakuna chujio litakalozuia bomba linalooza lisitoboke, na hakuna rangi ya kupaka ndani yake itakayodumu. Uganda ililichukulia jambo hili kwa uzito hata Wizara ya Maji na Mazingira ikapiga marufuku, mwaka 2016, mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki katika visima vya pampu za mkono, kwa kuwa visima vingi vilikuwa vikiachwa kwa sababu ya kutu iliyotokana na mabomba hayo wakati maji ya ardhini yenyewe yalikuwa mazuri. Badala yake tumia mabomba ya plastiki ngumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya kisima, au chuma kisichoshika kutu cha daraja linalofaa. Usinunue chuma hicho kwa neno la muuzaji: kuna mabomba yanayong'aa dukani na kushika kutu ndani ya miaka michache. Omba cheti cha daraja lake, na ukumbuke kwamba fito za pampu na viungio navyo ni chuma, hivyo kubadilisha mabomba na kuacha fito za zamani ni kufanya nusu ya kazi.

Dalili ya tatu: ute wa rangi ya chungwa, harufu ya tope na maji yanayopungua

Fungua kifuniko cha tangi la kuflashi choo na upitishe kidole ukutani, chini kidogo ya usawa wa maji. Unga mkavu unaofutika kirahisi ni chuma cha kawaida. Ute laini, mzito, unaoteleza na kuvutika, wenye rangi ya chungwa au kahawia na harufu kama ya tope la kinamasi au mafuta yaliyochacha, ni makazi ya bakteria wa chuma. Bakteria hawa si wa kinyesi na hawaleti ugonjwa wenyewe, lakini ute wao huziba matundu ya mabomba ya chujio kisimani, huganda kwenye mapanga ya pampu, na huweza kuwapa kificho vimelea wengine. Kisima ambacho kilikuwa kikijaza tangi kwa saa mbili na sasa kinahitaji saa nne, bila kina cha maji kubadilika, mara nyingi kimezibwa na ute huo.

Alama nyingine yao ni utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji yaliyotulia, ambao huwatia watu hofu kwamba mafuta ya dizeli yameingia kisimani. Chukua kijiti na uuguse. Utando wa bakteria hupasuka kuwa vipande vyenye kingo kali, na vipande hivyo hubaki vimetengana. Utando wa dizeli au petroli huzunguka kijiti, hunyooka na kuungana tena mara moja. Ukiona huo wa pili, acha kutumia maji hayo kwa kunywa na kupikia siku hiyohiyo na utafute chanzo cha mafuta, kwa kuwa hilo ni tatizo kubwa kuliko chuma.

Bakteria wa chuma huingia mara nyingi pamoja na vifaa: mabomba yaliyolazwa chini wakati wa matengenezo, kamba yenye tope, pampu iliyotolewa kisima kimoja na kutumbukizwa katika kingine. Mfundishe fundi wako kuosha kila kitu kwa maji yenye klorini kabla hakijashuka kisimani.

Dalili ya nne: chai nyeusi, wali wa kijivu, nguo zenye mabaka

Chai ya rangi iliyopikwa kwa maji yenye chuma hugeuka nyeusi yenye kuelekea samawati na juu yake hutanda utando mwembamba, kwa kuwa tanini iliyo kwenye majani ya chai hushikana na chuma na kutengeneza rangi kama ya wino. Wino wa kale wa Ulaya ulitengenezwa kwa mchanganyiko huohuo. Jiko, kwa maana hii, ni maabara ya bure: majani machache ya chai ndani ya maji ya kisima, kando ya kikombe kingine kilichotengenezwa kwa maji ya chupa, hukuonyesha tofauti ndani ya dakika chache hata pale glasi ilipokuwa bado maangavu. Kipimo hiki hakikupi kiasi, lakini kinakuambia kama chuma kipo.

Kwenye nguo, kosa kubwa ni kutumia dawa ya klorini ya kufulia, kama Jik, kuondoa doa la kutu. Klorini hukigandisha chuma ndani ya nyuzi za kitambaa na doa hubaki la kudumu. Sare nyingi za shule zimeharibika hivyo. Madoa ya kutu huondolewa kwa asidi nyepesi: maji ya ndimu au limau yaliyochanganywa na chumvi kidogo, nguo ikaachwa juani kwa muda, kisha ikasuuzwa kwa maji yasiyo na chuma, kama ya mvua. Asidi ya aina yoyote, hata ndimu, isikutane kamwe na klorini, kwani hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu.

Dalili zinazofanana na chuma lakini si chuma

Madoa meusi, au unga mweusi unaobaki kwenye kitambaa cha kuchujia, ni madini ya manganizi, ambayo husafiri pamoja na chuma katika maji mengi. Hapa usipuuze: Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kiwango cha muda cha miligramu 0.08 kwa lita kwa ajili ya afya, likiwafikiria hasa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga, na manganizi ni vigumu kuiondoa kuliko chuma. Maji yenye rangi ya chai nyepesi ambayo hayatui hata baada ya siku mbili yana mabaki ya mimea yaliyoyeyuka, na mara nyingine chuma kimeshikana na mabaki hayo kiasi kwamba hewa peke yake haiwezi kukitenganisha. Maji mekundu baada ya mvua kubwa, yenye chembe zinazokwaruza ukizisugua kati ya vidole, ni udongo unaoingia kwa juu, na hiyo ni habari mbaya zaidi, kwani panapopita udongo maji ya choo nayo yanaweza kupita. Kagua mfuniko, sakafu ya saruji na pete za kisima. Harufu ya yai bovu ni gesi ya salfa.

Maabara

Vipimo vya nyumbani vinakuonyesha njia, lakini kabla ya kutumia fedha nyingi unahitaji takwimu. Tanzania kuna maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji mikoani, na nchi za jirani nazo zina maabara za serikali na za binafsi. Omba angalau chuma, manganizi, pH, ugumu wa maji, chumvi na bakteria wa kinyesi. Walio Arusha, Kilimanjaro, Singida, Nakuru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa waongeze floraidi bila kusita, kwa kuwa kikomo chake cha miligramu 1.5 kwa lita kinahusu afya moja kwa moja, na chujio la chuma haliiondoi. Nimeona inasikitisha watu wanapofurahia maji yaliyotoka mekundu na sasa yanang'aa, kumbe yanaendelea kuharibu meno na mifupa ya watoto wao. Sampuli ya chuma ichukuliwe kwenye pampu, ndani ya chupa iliyotiwa asidi na maabara yenyewe. Bila asidi hiyo chuma huganda na kushika ukuta wa chupa njiani, na jibu litakuja dogo kuliko ukweli. pH ipimwe palepale kisimani, kwani hubadilika ndani ya muda mfupi baada ya maji kupata hewa.

Hewa, mchanga na muda

Kwa chuma kilichoyeyuka, na pH isiyopungua 7, njia bora kwa nyumba nyingi ni ile isiyohitaji dawa yoyote. Oksijeni miligramu 1 inatosha kugandisha takriban miligramu 7 za chuma, na maji yaliyorushwa hewani vizuri hupata oksijeni miligramu 6 hadi 8 kwa lita, kwa hiyo hewa haikosi. Kinachokosekana kwa kawaida ni muda, na kasi ndogo ya kuchuja.

Mfumo wa nyumbani huwa na hatua tatu. Kwanza, maji yanayotoka kwenye pampu hunyunyizwa kupitia sinia moja au mbili zenye matundu madogo na kokoto safi, yakianguka kama nusu mita au zaidi, ili yapate hewa na kupoteza kaboni dioksaidi, jambo ambalo pia huinua pH kidogo. Pili, yanakaa kwenye tangi la kutuamia kwa muda usiopungua nusu saa, na kama nafasi ipo, saa kadhaa. Tatu, yanapita kwenye mchanga uliooshwa wenye punje za milimita 0.5 hadi 1, kwa kina cha sentimita 60 hivi, ukiwa umekaa juu ya changarawe. Pipa la lita 200 lenye kipenyo cha sentimita 57 lina eneo la robo mita ya mraba, na maji yakishuka mchangani kwa mwendo wa mita moja kwa saa litakupa lita 250 kila saa, kiasi kinachotosha familia na mifugo michache. Weka vali kwenye bomba la kutolea maji na uidhibiti hapo. Anayefungua yote kwa haraka husukuma chembe za chuma zipite mchanga wote.

Mchanga mpya hufanya kazi vibaya kwa wiki za mwanzo. Punje zake zinapovikwa utando wa chuma, utando huo wenyewe hunasa chuma kingine na kuharakisha kuganda kwake, na chujio huimarika. Kwa hiyo unaposafisha, kwa kurudisha maji kutoka chini kwenda juu au kwa kukoroga tabaka la juu na kumwaga maji machafu, usiusugue mchanga hadi uwe mweupe. Safisha mtiririko unapopungua hadi nusu ya ulivyokuwa, si kwa kufuata kalenda.

Ikiwa umejenga mfumo huu na maji bado yana rangi, tafuta sababu kwa mpangilio. Pima pH kwanza: chini ya 6.8 hivi chuma hakiwahi kuganda kabla ya kufika mchangani, na unahitaji kupitisha maji kwenye kitanda cha mawe ya chokaa yaliyopondwa, ambayo huyeyuka polepole na kuinua pH, nawe utayaongeza kadiri yanavyopungua. Ikiwa pH ni nzuri, weka glasi ya maji yaliyochujwa usiku kucha. Yakitoka kwenye chujio maangavu na kubadilika baadaye, muda wa kutuama ni mfupi. Yakitoka tayari na ukungu, mwendo ni mkubwa mno au mchanga ni wa punje kubwa. Yakibaki na rangi ya manjano isiyotua kamwe, chuma kimeshikana na mabaki ya mimea, na hapo hewa imefika mwisho wake.

Klorini, pamanganeti na vichujio vya dukani

Hewa isipotosha, klorini hufanya kazi haraka zaidi, na pia hushughulikia sehemu ya chuma kilichoshikana na mabaki ya mimea. Tuseme tangi lina lita 1,000 za maji yenye miligramu 3 za chuma: yanahitaji klorini gramu 1.9 hivi kwa chuma na nusu gramu ya akiba, jumla gramu 2.4, ambazo ni takriban mililita 70 za dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5. Koroga, subiri angalau nusu saa, acha yatuame, yachuje. Pima mabaki ya klorini kwa vipande vya kupimia, ukitafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Dawa iliyokaa dukani juani hupoteza nguvu, hivyo soma tarehe yake. Kwa manganizi, klorini ni dhaifu isipokuwa pH iwe juu sana. Hapo hutumika pamanganeti ya potasiamu, ambayo ikizidi kidogo tu huyapa maji rangi ya waridi, na isiyopaswa kuchezewa bila mtaalamu kukupimia dozi.

Vichujio vya dukani vilivyojazwa punje zenye manganizi ni vizuri, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye karatasi yake, ambayo wauzaji wengi hawayataji: kiwango cha chini cha pH, kiwango cha juu cha chuma, na nguvu ya maji ya kulisafisha chujio kwa kuyarudisha kinyumenyume, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko pampu ya nyumbani inavyoweza kutoa. Chujio lisilosafishwa kwa nguvu ya kutosha huganda kuwa jiwe. Mashine za kulainisha maji kwa chumvi huondoa chuma kidogo kilichoyeyuka, lakini chuma kilichokwisha ganda huziharibu, nami siwezi kuzipendekeza kwa kazi hii peke yake.

Kusafisha kisima chenye bakteria wa chuma

Kumwaga klorini juu ya ute mnene hakufai, kwa sababu dawa hufa kwenye tabaka la juu na walio ndani hubaki. Toa pampu na mabomba, vioshe, sugua kuta za kisima kwa brashi, ondoa maji machafu, ndipo utie klorini ya miligramu 100 kwa lita. Kisima cha pete chenye kipenyo cha mita moja na maji ya kina cha mita nne kina lita 3,140, na kinahitaji gramu 314 za klorini: takriban lita 9 za dawa ya asilimia 3.5, au karibu nusu kilo ya unga wa klorini wa asilimia 65. Kisima kirefu chenye lita 700 kinahitaji lita 2 tu za dawa hiyo ya maji. Zungusha maji hadi usikie harufu ya klorini kwenye kila bomba la nyumba, acha kwa saa 12 hadi 24 bila mtu kutumia, kisha pampu maji nje, mbali na mimea, mabwawa ya samaki na shimo la choo, hadi harufu iishe. Asishuke mtu kisimani wakati klorini imo, na kabla ya hapo asishuke peke yake. Bakteria hawa hurudi, kwa hiyo panga kurudia kazi hii kila dalili zinapojitokeza upya.

Masimbi mekundu kutoka kwenye tangi na mchanga yasimwagwe karibu na kisima, kwani maji ya kinamasi yasiyo na oksijeni yatayayeyusha upya na kuyarudisha ulikoyatoa. Katika maeneo yenye aseniki, madini yenye sumu, ardhini masimbi hayo hukusanya aseniki pia, hivyo yasitumike bustanini. Yachimbie shimo mahali pakavu palipoinuka, mbali na kisima, katika upande ambao maji ya ardhini yanaelekea yanapotoka kisimani, uyakaushe kwanza, kisha uyafukie.